Kutengana na Kutengwa: Historia ya Shule za Marekani katika Mnyambuliko wa Kitenzi Kimoja

Walimu wenzangu wa Kiswahili wanalifahamu vizuri zoezi la mnyambuliko. Mwalimu huandika kitenzi kimoja ubaoni, tuseme "tenga", na wanafunzi wakakizalisha: tengwa, tengana, tengea, tengewa, tenganisha. Zoezi huonekana jepesi mpaka mwalimu aulize maana. Waliotengana ni wawili, na kila mmoja ana sehemu yake katika jambo hilo. Huenda walikubaliana, huenda waligombana. Aliyetengwa ni mmoja, na kuna mwingine aliyemtenga. Naye aliyetengewa kitu amewekewa fungu lake. Viambishi hivyo vidogo vinatueleza nani alitenda na nani alitendwa.

Nilifundisha hayo kwa miaka mingi katika kipindi cha lugha. Katika kipindi cha historia, kwa darasa la Kidato cha Sita, nilifundisha pia mapambano ya Weusi wa Marekani dhidi ya ubaguzi katika shule za umma, wala sikuona kwamba masomo hayo mawili yalikuwa yakizungumza jambo moja. Siku moja, nilipokwisha kueleza hukumu ya mwaka 1954 na jinsi watoto Weusi walivyoingia katika shule za Wazungu, mwanafunzi mmoja aliyekaa nyuma aliinua mkono akauliza: "Mwalimu, na walimu wao walikwenda wapi?" Nilimjibu bila kufikiri kwamba walihamia shule mpya pamoja na wanafunzi wao. Akaketi. Makala hii ni deni langu kwa kijana yule, lakini siwezi kulilipa kabla ya kusimulia habari yenyewe tangu mwanzo wake.

Mwanzo wake ni behewa la treni. Mwaka 1892, katika jimbo la Louisiana, Homer Plessy alikaa katika behewa la Wazungu kwa makusudi ili sheria ya kuwatenga abiria kwa rangi ipelekwe mahakamani. Kesi ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1896 majaji waliamua kwamba sheria hiyo haikuvunja Katiba. Kutokana na hukumu hiyo ulienea msemo ambao kwa Kiswahili naweza kuufasiri "mbalimbali lakini sawa". Jaji Henry Billings Brown, aliyeiandika, alidai kwamba kama watu Weusi wanaona utengano huo ni alama ya unyonge, basi maana hiyo wameiweka wao wenyewe. Kwa lugha ya ubao wangu, mahakama ilikitazama kitendo cha kutengwa ikakisoma kuwa kutengana. Jaji mmoja peke yake, John Marshall Harlan, alikataa kusoma hivyo. Aliona kwamba kila mtu nchini alijua sheria ile ilikusudia kumzuia nani asikae na nani.

Hukumu ilihusu treni, lakini shule ndizo zilizobeba mzigo wake mzito. Majimbo ya Kusini yaliweka shule za aina mbili, na watoto Weusi, naomba radhi kwa mchezo wa maneno, walitengwa lakini hawakutengewa. Katika kaunti ya Clarendon, South Carolina, wanafunzi wa Kizungu walikuwa na mabasi 30 na wanafunzi Weusi hawakuwa na hata moja. Wazazi walipoomba basi walinyimwa. Baadaye walipokubali kutia saini zao kudai usawa wa shule, kisasi kilifuata. Harry Briggs, ambaye jina lake lilitangulia katika kesi yao, alipoteza kazi katika kituo cha mafuta. Mchungaji Joseph DeLaine, aliyekuwa pia mwalimu na aliyewahamasisha wazazi hao, alipoteza kazi ya ualimu na nyumba yake ikateketea kwa moto. Yote hayo yalianza na ombi la basi.

Waliopanga vita vya mahakamani walitambua kwamba ukuta wa namna ile hauvunjwi kwa pigo moja. Charles Hamilton Houston, aliyeongoza kitivo cha sheria cha Chuo Kikuu cha Howard, aliwafunza vijana Weusi sheria kwa kusudi hilo. Mmoja wao alikuwa Thurgood Marshall. Mkakati wao ulianzia juu, katika vyuo vikuu, ambako majimbo mengi hayakuwa na chuo chochote cha sheria au cha shahada za juu kwa Weusi, na kwa hiyo hayangeweza hata kujifanya kwamba yana usawa. Mwaka 1938 mahakama iliamua kwamba Missouri haiwezi kumlipia Mweusi karo akasomee sheria jimbo jingine badala ya kumpa nafasi nyumbani. Houston alifariki mwezi Aprili 1950, wiki chache tu kabla ya ushindi mkubwa wa wanafunzi wake.

Mmoja katika ushindi huo ni wa mtu ninayemkumbuka kuliko wote, labda kwa sababu alikuwa mwalimu. George McLaurin alikuwa mtu mzima aliyefundisha kwa miaka mingi, mwenye shahada ya uzamili tayari, naye aliomba kusomea shahada ya uzamivu ya elimu katika Chuo Kikuu cha Oklahoma. Alikataliwa. Mahakama ilipoamuru apokewe, chuo kilimpokea kwa namna yake. Kiti chake kiliwekwa katika kichumba cha pembeni, kando ya darasa, akimsikiliza mhadhiri kupitia uwazi wa ukuta. Maktabani alipewa meza yake peke yake kwenye ghorofa ya kati, asiruhusiwe kukaa katika ukumbi wa kusomea. Katika mkahawa wa chuo alikula kwenye meza yake na kwa saa zake. Mhadhiri ni yule yule, vitabu ni vile vile, mtihani ni ule ule. Kama usawa ni hesabu ya vitu, McLaurin hakupungukiwa na kitu. Lakini tarehe 5 Juni 1950 Mahakama ya Juu ilisema kwa kauli moja kwamba vizuizi hivyo vilimnyima uwezo wa kusoma, kujadiliana na kubadilishana mawazo na wanafunzi wenzake. Yeyote aliyewahi kufundisha anajua kwamba nusu ya elimu ya darasani hutoka kwa jirani wa dawati. Hapo mahakama ilikuwa imeanza kuusikia mnyambuliko, ingawa bado ilitamka kwa sauti ya chini.

Sasa twende Farmville, mji mdogo katika kaunti ya Prince Edward, Virginia, maana huko ndiko habari hii inakonigusa zaidi.

Shule ya sekondari ya Robert Russa Moton ilijengwa mwaka 1939 kwa ajili ya wanafunzi 180. Kufikia mwaka 1950 ilikuwa na zaidi ya 450. Haikuwa na ukumbi wa michezo, wala chumba cha kulia chakula, wala maabara ya kustahili jina hilo. Wazazi walipolalamika, bodi ya shule iliongeza vibanda vya mbao vilivyofunikwa kwa karatasi ya lami. Mvua iliponyesha vibanda vilivuja, na wako waliofungua miavuli darasani; wakati wa baridi waliokaa karibu na jiko waliungua joto na waliokaa mbali walivaa makoti. Nimefundisha katika vyumba vya kufanana na hivyo, na najua mwanafunzi huanza kuvikubali lini: pale anapoacha kulalamika.

Barbara Johns, msichana wa miaka 16, hakufikia hatua hiyo. Tarehe 23 Aprili 1951 yeye na wenzake wachache walitekeleza mpango waliouficha kwa miezi. Mwalimu mkuu, Boyd Jones, alipigiwa simu akaambiwa kwamba baadhi ya wanafunzi wake wako mashakani mjini. Alipoondoka, barua fupi ya kughushi ilipelekwa madarasani kuitisha mkutano. Pazia la jukwaa lilipofunguliwa, waliosimama pale walikuwa wanafunzi. Barbara aliwaomba walimu watoke, akawaeleza wenzake kwamba hawatarudi darasani mpaka wajengewe shule mpya. Wakatoka wote. Mimi, niliyesimamia nidhamu ya shule kwa miaka kadhaa, nikisoma habari ya barua ile ya kughushi nashindwa kujua ningekuwa upande gani asubuhi ile. Naogopa najua.

Mgomo ulidumu wiki mbili. Wanafunzi waliwaandikia mawakili wa NAACP, jumuiya ya kutetea haki za watu Weusi, na Oliver Hill na Spottswood Robinson wakafika Farmville wakiwa na nia ya kuwashauri warudi madarasani. Walipowaona, walibadili mawazo, lakini wakaweka sharti: hawatashtaki kudai jengo jipya; watashtaki kuupinga utengano wenyewe. Sharti hilo lilikuwa zito kwa wazazi. Kudai shule bora kulikuwa kudai fungu, yaani kutengewa. Kudai shule moja kulikuwa kuing'oa sheria yote, na wengi walikuwa na mashamba, mikopo na ajira mikononi mwa Wazungu. Mchungaji Francis Griffin aliwafungulia kanisa lake wakajadiliana, na wakakubali. Kesi ilifunguliwa tarehe 23 Mei kwa niaba ya wanafunzi 117. Barbara, kwa usalama wake, alipelekwa Montgomery kwa ami yake, Mchungaji Vernon Johns, ambaye kanisa lake lilipata baada yake mchungaji kijana aliyeitwa Martin Luther King.

Kesi ya Farmville iliunganishwa na nyingine kutoka South Carolina, Delaware, mji mkuu wa Washington, na Kansas. Ile ya Kansas ndiyo iliyotoa jina: Brown dhidi ya Bodi ya Elimu ya Topeka. (Historia ina mzaha wake. Jaji aliyeandika hukumu ya mwaka 1896 aliitwa Brown, na baba aliyeipindua aliitwa Brown.) Oliver Brown alikuwa mchomeleaji wa vyuma katika karakana ya reli na mchungaji msaidizi. Binti yake Linda alipita karibu na shule ya Wazungu akienda kupanda basi kwenda shule ya Weusi iliyokuwa mbali zaidi. Na hapa pana jambo ambalo mara nyingi husahauliwa: majengo ya Weusi ya Topeka hayakuwa mabovu, na walimu wake walikuwa hodari. Kwa hiyo mahakama haikuweza kujificha nyuma ya vibanda vinavyovuja. Ilibidi iulizwe swali tupu: ikiwa kila kitu ni sawa, je, kutengwa kwenyewe ni dhara?

Tarehe 17 Mei 1954 Jaji Mkuu Earl Warren alisoma jibu, nalo lilikuwa la majaji wote 9. Kuwatenga watoto kwa rangi yao peke yake, alisema, huwatia hisia ya unyonge inayoweza kugusa mioyo na akili zao kwa namna isiyofutika. Katika elimu ya umma, fundisho la "mbalimbali lakini sawa" halina nafasi. Baada ya miaka 58, mahakama ilikuwa imekisoma kitenzi katika kauli yake ya kutendwa.

Hukumu ya kwanza haikusema lini. Hukumu ya pili, ya tarehe 31 Mei 1955, ilijaribu kusema, nayo ikatoa maneno yanayomsumbua kila mfasiri. Shule zichanganywe, ilisema, kwa kasi yote yenye hadhari. Wengine watafasiri yenye tafakuri, au yenye makusudi. Kivumishi kilichotumika katika Kiingereza humsifu mtu anayetenda kwa nia, na pia mtu anayetembea polepole akipima kila hatua. Ni kana kwamba methali zetu mbili zinazogombana, ile ya haraka haraka isiyo na baraka na ile ya ngoja ngoja inayoumiza matumbo, zimefungwa kitita kimoja na kupewa muhuri wa mahakama. Waliotaka haki walishika neno "kasi". Waliotaka kuizuia walishika lile lililofuata.

Yaliyojiri Little Rock mwaka 1957 yanajulikana: gavana Orval Faubus aliweka askari wa jimbo kuwazuia wanafunzi 9, na Rais Eisenhower akatuma jeshi kuwasindikiza. Sitakaa huko. Narudi Farmville, ambako hapakuwa na askari wala kamera nyingi, na ambako kwa maoni yangu lilitendeka jambo baya zaidi.

Mwaka 1959 mahakama ya rufani iliiamuru kaunti ya Prince Edward ichanganye shule zake bila kuchelewa zaidi. Halmashauri ya kaunti ilijibu kwa kukataa kutoza kodi ya shule. Septemba ilipofika, shule zote za umma zilifungwa kwa minyororo, za Wazungu na za Weusi vilevile. Watetezi wa hatua hiyo walidai kwamba hapakuwa na ubaguzi, maana milango ilifungwa kwa wote. Tazama jinsi neno "sawa" lilivyorudi kinyemela. Watoto wa Kizungu walianzishiwa shule ya binafsi, na baadaye fedha za umma zikawasaidia wazazi wao kulipa karo. Watoto Weusi, wapatao 1,700, hawakupata kitu. Wengine walipelekwa kwa ndugu katika kaunti na majimbo mengine. Wengine walichukuliwa na familia za Waquaker. Wengine walikusanywa katika vyumba vya chini vya makanisa kujifunza kusoma. Wengi walibaki nyumbani, na mashambani.

Hali hiyo ilidumu miaka 5. Mwezi Septemba 1963 zilifunguliwa shule huru za muda kwa michango na kwa msaada wa serikali ya Rais Kennedy, na tarehe 25 Mei 1964 Mahakama ya Juu, kwa kalamu ya Jaji Hugo Black, iliamua kwamba kaunti haiwezi kufunga shule zake kuukwepa usawa, na kwamba muda wa ile kasi yenye hadhari ulikuwa umekwisha. Mtoto aliyekuwa na umri wa miaka 7 minyororo ilipofungwa alikuwa na miaka 12 ilipofunguliwa. Mwalimu anaelewa hesabu hiyo bila kuelezwa. Huwezi kumketisha kijana wa miaka 12 na wa miaka 7 ukawapa kitabu kimoja bila kumvunja mkubwa.

Nimefika kwenye deni langu.

Walimu walikwenda wapi? Wengi wao hawakwenda popote. Walifukuzwa. Huko Topeka kwenyewe, katika majira ya kuchipua ya mwaka 1953, hukumu ikiwa bado haijatolewa, msimamizi wa shule aliwaandikia baadhi ya walimu Weusi kwamba mikataba yao haitarudiwa, kwa sababu kama mahakama ingeondoa utengano, wakazi wengi wasingependa watoto wa Kizungu wafundishwe na Weusi. Fikiria adabu ya barua hiyo: haisemi kwamba mwalimu ni mbaya. Boyd Jones, mwalimu mkuu wa Moton, aliyedanganywa kwa simu na ambaye hakuuanzisha mgomo, hakupewa mkataba mpya baada yake. Kisha, shule zilipoanza kuunganishwa, muungano kwa kawaida ulikuwa wa upande mmoja: shule ya Weusi ilifungwa au kushushwa daraja, mwalimu mkuu wake akafanywa msaidizi wa mtu mwenye elimu ndogo kuliko yake, na walimu wake wakaambiwa hapana nafasi. Inakadiriwa kwamba katika majimbo 17 ya Kusini na ya mpakani, kati ya mwaka 1954 na 1965, zaidi ya walimu na walimu wakuu Weusi 38,000 walipoteza kazi. Hao ndio waliofundisha kwa vitabu vilivyochakaa mpaka wakawatoa mawakili waliokwenda kuishtaki serikali.

Kwa hiyo watoto waliacha kutengwa, na walimu wao wakatengwa mahali pao. Nilipomwambia yule kijana kwamba walihama pamoja, nilikuwa nimewafuta mara ya pili.

Sisi huku tuna nyuzi zetu zinazofungamana na habari hii. Tanganyika ya mkoloni ilikuwa na shule za Wazungu, za Waasia na za Waafrika, kila moja na fungu lake, na mfumo huo uliondolewa kisheria kuanzia tarehe 1 Januari 1962. Mimi nilianza darasa la kwanza baada ya hapo, nikakuta dawati lisilouliza rangi. Thurgood Marshall naye alifika kwetu. Mwaka 1960 aliwashauri wajumbe wa Kiafrika wa Kenya katika mkutano wa katiba wa Lancaster House jijini London, akawaandikia rasimu ya haki za binadamu iliyowalinda hata Waasia na Wazungu waliobaki wachache. Kwa masimulizi yake mwenyewe, alipokuwa Kenya ofisa wa kikoloni alimzuia kuhutubia mkutano wa hadhara. Aliomba aruhusiwe neno moja tu la salamu. Akaruhusiwa. Alipaza sauti akasema "Uhuru!", na umati ukalipuka.

Barbara Johns aliishia kuwa mkutubi huko Philadelphia, akafariki mwaka 1991. Shule ya Moton sasa ni makumbusho. Mwaka 2003 kaunti ya Prince Edward iliwapa vyeti vya heshima wale iliowafungia milango, na mwaka uliofuata bunge la Virginia likaanzisha ufadhili wa masomo kwa ajili yao. Mtoto wa miaka 7 wa mwaka 1959 alikuwa na miaka 51 alipoitwa jina lake akapokee cheti.

Yule mwanafunzi wa Kidato cha Sita leo ni mtu mzima, pengine ana watoto shuleni. Ikiwa maandishi haya yatamfikia, naomba afute jibu aliloliandika siku ile katika daftari lake.